Mwaka Tuliokataa Kikwembe Kipya

Nianze na mvua, maana bila mvua ile tungekuwa hadi leo tunashona kikwembe kipya kila mwaka na kunyamaza.

Kwetu Kasongo siku ya wanawake, mwezi wa tatu, si siku ya hotuba. Hotuba zipo, lakini hakuna anayezisikiliza. Ni siku ya defile. Mama wa soko, mama wa kanisa, mama wa msikiti, wauguzi, walimu, kila kundi linapita mbele ya jukwaa la wakuu, na wote wamevaa kikwembe cha namna moja. Kikwembe ndicho wengine wanachokiita kitenge. Kila mwaka kinakuja cha rangi nyingine, na cha mwaka uliopita hakifai tena. Ukipita nacho hakuna atakayekufukuza. Watakutazama tu, kuanzia utosini mpaka unyayoni, na mimi nasema heri kufukuzwa.

Mimi ni fundi wa nguo. Ninakaa barazani karibu na soko pamoja na mafundi wenzangu, wanawake kama mimi, na kila ilipokaribia defile tulikuwa tunageuka punda. Wateja walileta kitambaa wote siku moja, wote walitaka mikono iliyofura kama maboga, na wote walitaka kesho. Tulishona mpaka shingo zikapinda. Aliyestarehe alikuwa mfanyabiashara wa vikwembe, jirani yetu wa sokoni, mtu mnene mwenye maneno matamu. Yeye ndiye aliyeleta marobota kwa pikipiki, na yeye ndiye aliyeamua sisi sote tuvae nini mwaka huo.

Mwaka wa mvua alituletea kitambaa cha bluu chenye maua meupe. Kilikuwa kinanuka dawa, na nilipokishika kilikuwa kigumu kama biskuti. Fundi anajua kitambaa kwa vidole. Nikaenda kwa Mama prezidante, kiongozi wa kundi la mama wa soko, mwanamke mwenye kifua kikubwa na sauti ya kulingana nacho.

“Mama prezidante,” nikamwambia, “hii nguo si nguo. Ni wanga na rangi tu. Ikilowa itatuaibisha.”

“Mama fundi,” akanijibu, “weye shona. Mambo ya mvua ni ya Mungu.”

Nikashona. Na Mungu naye akafanya yake. Kundi la mama wa soko lilipofika katikati ya uwanja mvua ikashuka bila kubisha hodi, na ile bluu ikaanza safari. Ilishuka miguuni, ikajaza viatu vyeupe, ikapanda mikononi. Wakuu waliopeana mikono na wamama walibaki na viganja vya bluu. Mgeni wa heshima, aliyekuwa amevaa shati jeupe, alikumbatiwa na Mama prezidante kwa moyo wote, na tangu siku ile shati hilo lina alama mbili ambazo mke wake, nasikia, bado anaziombea maelezo.

Siku ile dada yangu mkubwa alikuwa amekuja kutoka Wamaza kututembelea. Sisi mkubwa wetu tunamwita yaya, awe mwanamke au mwanamume. Yaya ni mjane, analima karanga na mihogo, ana binti mmoja aliyeolewa Lusangi, na katika maisha yake yote hakuwahi kupita kwenye defile. Si kwamba hakutaka. Kila mwaka kikwembe kilikuja, na kila mwaka kilitanguliwa na kitu kingine: karo, homa, paa linalovuja. Nilimwambia mara nyingi avae changu. Alinijibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na yeye ana matako ya kusitiri.

Basi alikuwa amesimama chini ya paa la duka, mkavu, anawacheka wenzake wa bluu mpaka akashika nguzo asianguke. Halafu kicheko kikaisha.

“Mudogo wangu,” akaniambia, “hata na bluu mwili yote, miye ningependa kupita. Mara moja tu, mbele ya kufa.”

Watu wengine wakikasirika wanavunja vyombo. Mimi nikikasirika ndipo akili yangu inafanya kazi. Nilikasirikia kitambaa cha wanga, nikakasirikia shingo yangu, nikamkasirikia mfanyabiashara, na zaidi ya yote nilikasirika kwamba mwanamke anaweza kulima maisha yake yote, akalisha nusu ya Wamaza, kisha akakosa nafasi ya kutembea barabarani kwa sababu ya kitambaa. Redioni nilikuwa nimesikia kwamba hata Ulaya kuna watu wanaogombana juu ya nguo: nani anazishona, analipwaje, zinatupwa wapi. Nilifurahi kusikia kwamba na wao wana matatizo. Lakini matatizo yao wangeyamaliza wenyewe. Mimi nilikuwa na ya kwangu.

Nikawakusanya mafundi wenzangu barazani, tukamwita Mama prezidante, ambaye vidole vyake vya miguu vilikuwa bado vya bluu. Nikasema hivi: mwaka ujao mama wa soko hatununui. Kila mmoja atuletee kikwembe kimoja alicho nacho ndani. Tutavikata vyote, tutachanganya vipande, tutashona blauzi na sketi, na katika nguo ya kila mtu kutakuwa na kipande cha kila mtu. Haitajulikana nani ana nini. Hakuna kitakachotupwa. Na sisi mafundi tutaanza mapema, tushone kama binadamu. Na kwa kuwa yaya huleta karanga zake soko hili hili, naye ni mama wa soko.

“Tutafanana na kichaa ya sokoni,” akasema Mama prezidante.

“Kichaa iko anavaa peke yake,” nikamjibu. “Siye tutavaa kundi lote. Kundi lote likivaa, haiko kichaa tena. Ni mode, ni mutindo.”

Akafikiri. Akatazama vidole vyake. Akakubali.

Nilidhani kazi ngumu ni kuwashawishi. Loo! Kazi ngumu ilikuwa kupokea walicholeta. Sanduku la mwanamke wa kwetu lina vikwembe vilivyokunjwa tangu siku ya arusi, vizito, vinavyonukia sabuni, ambavyo havijawahi kuona jua. Hivyo vilibaki sandukuni. Barazani vilikuja vikwembe vilivyobeba watoto, vikapangusa meza, vikazibia mlango, vikafunikia ugali. Muuza samaki alileta kimoja ambacho samaki mwenyewe alikuwa bado hajatoka ndani yake. Na Mama prezidante, kiongozi wetu, mfano wa kuigwa, alileta pazia. Alilikunja vizuri, lakini pazia ni pazia, matundu ya pete yalikuwa pale pale.

“Mama prezidante,” nikasema, “hii ilikuwa dirishani.”

“Ilikuwa dirishani ya salon,” akasema kwa heshima zake zote, maana yake sebule ya wageni.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Baada ya mapazia zikaja sura. Wengine walileta vikwembe vya sherehe ya kanisa, vyenye picha ya askofu ndani ya duara. Wengine walileta vya uchaguzi, vyenye picha ya mgombea anayecheka. Sasa ukishona nguo ya vipande, kila sura lazima ikae mahali. Tuliketi kama bunge. Kwa askofu hakukuwa na ubishi, tulimweka mabegani, karibu na mbingu, na hata wamama wa Kiislamu wa kundi letu walikubali kwamba mtu wa dini hakaliwi. Mgombea ndiye aliyetugawanya. Alikuwa ametuahidi barabara ya Kabambare, na barabara ya Kabambare ninyi mnaijua, au kama hamuijui, shukuruni. Mwishowe wamama wenyewe walipiga kura akae nyuma ya sketi, chini kidogo ya kiuno, ili na yeye aonje pikipiki kwenye mashimo yake.

Mfanyabiashara alipita barazani kila siku. Kwanza alicheka. Kisha akaacha kucheka, kwa kuwa robota la mwaka huo lilikuwa limeshafika na mama wa soko hawakulisogelea.

“Mafundi, muko naniua,” akasema.

“Hatukuui, papa,” nikamwambia. “Tuuzie uzi. Uzi tunahitaji mwingi.”

Uzi alituuzia. Lakini usoni alikuwa kama mtu aliyemeza ndimu na mbegu zake.

Yaya alifika katikati ya kazi hiyo, amepakiwa nyuma ya pikipiki kutoka Wamaza, mavumbi mpaka kwenye kope. Kabla hajanywa maji akafungua mfuko wake na kutoa kikwembe. Mikono yote barazani ikasimama. Kilikuwa cha kijani, chenye ndege wa njano wakubwa kama kiganja, kizito, kimekunjwa kwa namna ambayo ungesema kimetoka dukani asubuhi ile.

“Yaya,” nikasema, “hiki umekitoa wapi?”

“Ni yangu. Kata.”

“Chote?”

“Weye si fundi? Kata.”

Mimi mtu akiniambia kata, nakata. Nikawagawa wale ndege kwa nguo zote, kila mama akapata wake. Na nakiri kwamba kazi yetu yote, ambayo mpaka hapo ilikuwa inafanana na uchafu ulioshonwa vizuri, ikawaka. Ndege wale waliinua hata pazia.

Siku iliyofuata mfanyabiashara akapita, akaona blauzi zimetundikwa, akasimama. Akashika mkono wa blauzi moja, akamtazama ndege.

“Hii kikwembe ya waksi miye ndiye niliiuza,” akasema. “Niliuzia mukwe ya yaya yako, yule kijana wa Lusangi. Hii si kikwembe ya mama?”

Hapo inabidi nieleze. Kwetu katika mahari, mama wa binti anapewa kikwembe chake. Ni shukrani kwa kumbeba mtoto mgongoni. Ukishapewa ni chako, uvae, uuze, ufunikie kuku, hakuna atakayekuuliza. Ndivyo mama yetu alivyotufundisha. Lakini kumbe kwa ukoo ule wa wakwe zetu wa Lusangi mambo si hayo. Kwao mama mkwe akikipasua kikwembe chake, amesema bila kufungua kinywa: nirudishieni mtoto wangu, ndoa imekwisha. Sisi hatukujua. Mfanyabiashara alijua, kwa maana biashara zake zinamfikisha Lusangi mara kwa mara na anakula kwenye nyumba zao. Hakutuambia neno. Alipanda pikipiki yake akaenda kuuza, na huko, kati ya kupima kitambaa na kunywa chai, akataja kwa masikitiko makubwa kwamba kule Kasongo mafundi wamepasua kikwembe cha mama mkwe vipande vipande, tena mbele ya watu, tena mama mkwe mwenyewe akiwa amesimama anaangalia.

Walitufikia siku moja kabla ya defile, mchana, jua limesimama. Pikipiki zilikuja kwa mstari. Ya kwanza ilimbeba baba yake mkwe wetu, mzee mrefu mwenye kofia. Ya pili ilimbeba dada yake, mwanamke mwembamba ambaye kwa macho tu angeweza kuparua mihogo. Ya tatu ilimbeba mkwe mwenyewe, na mbele yake, kwenye tangi, mbuzi. Mbuzi ndiye pekee aliyetusalimu kwa furaha.

“Tumekosa nini?” mzee akauliza, kabla hata ya kuketi. “Mutoto tunamulisha. Hatumupigi. Kama iko kosa, tuambieni kosa. Tumeleta mbuzi ya kuomba musamaha, lakini hatujui tunaomba musamaha ya nini.”

Tukaelezwa mambo yote na yule dada wa mzee, kwa sauti ambayo soko zima lilinufaika nayo. Yaya alisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti changu cha kushonea, blauzi yake mpya mwilini, maana ilikuwa siku ya kujaribisha nguo. Nilimwona anavyopungua. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kikwembe chake cha shambani kiunoni na blauzi mpya mkononi.

“Siendi,” akaniambia kwa sauti ndogo. “Mutoto wangu arudishwe juu ya defile? Nitarudi Wamaza na hii pikipiki.”

Nilitaka kumpiga mtu. Nilitazama kama mfanyabiashara yuko karibu, lakini alikuwa amepata kazi muhimu upande wa pili wa soko.

“Kikwembe kiko wapi?” akauliza dada wa mzee. “Tukione. Pengine kinashoneka.”

Swali lilikuwa zuri, jibu ndilo lilikuwa baya. Wamama wa kundi walikuwa wameanza kuja kujaribisha nguo zao, na waliposikia kelele walikimbia kama walivyo, wengine pini bado mikononi. Wakajaa barazani. Wazee wa Lusangi wakaangalia. Ndege mmoja alikuwa kifuani kwa muuza samaki. Mmoja begani, shavu kwa shavu na askofu. Mmoja kwenye kola, mmoja mfukoni. Wa Mama prezidante alikuwa nyuma, kando ya mgombea, na mtu akitembea walionekana kama wanazungumza.

Yule dada wa mzee akazunguka mara moja, akiwatazama wote. “Sasa,” akasema, “mama mukwe ni nani hapa?”

“Siye wote,” akajibu muuza samaki.

Hapo tukasikia kitu kinaanguka. Alikuwa mkwe. Lazima mjue kwamba kwao, kama kwetu, kijana hamtazami mama mkwe wake usoni. Akimwona njiani anaingia majanini. Tangu ashuke pikipiki alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, upande ambao yaya hayupo. Sasa alijaribu kugeukia kulia, kukawa na mama mkwe. Akageukia kushoto, mama wakwe wanne. Akarudi nyuma, akamkanyaga Mama prezidante, ambaye kwa wema wake alimshika mabega na kumwambia, “Pole, mukwe wangu.” Kijana akapiga kelele ndogo, akaangusha benchi, akaishia amesimama ameugeukia ukuta, kofia imemfunika uso mzima, mbuzi amemshika kwa kamba.

Kundi likacheka. Dada wa mzee alijizuia kwa kuuma ncha ya kitambaa chake, lakini mabega yalimsaliti. Mzee peke yake hakucheka. Akamwelekea yaya, bila kumtazama sana, kama inavyofaa kwa wakwe.

“Ulikasirikia siye?” akamuuliza.

“Hapana, papa.”

“Basi sababu gani ulitoa kikwembe ya mutoto? Hukukuwa na ingine?”

“Ingine ilikuwa,” yaya akasema. “Hii ya shamba, na ile ya kulalia. Lakini tuliambiwa kila mutu alete yake, tuvae pamoja. Kwa kitu ya kuvaa na wenzako, unaleta ile mbaya?”

Kicheko kilikatika. Mama prezidante alikuwa ameshika kipande cha pazia lake, pale penye tundu la pete, akakifunika kwa kiganja. Na mimi, ambaye nilikuwa nimejipongeza kwa wiki nyingi kwa kuleta haki mjini, nilimwonea dada yangu huruma na fahari kwa pamoja.

Mzee akafikiri kwa muda mrefu. Akaomba maji, akanywa, akafikiri tena. Wazee wa kwetu wakifikiri hivyo ujue kuna kitu wanakitafutia mlango.

“Kwetu,” akasema mwishowe, “kikwembe ya mama ikipasuka na vipande vikaenda kila mutu njia yake, ndoa imekufa. Hii njo desturi yetu, siwezi kuibadilisha hapa kwa baraza ya mafundi. Lakini kama vipande vyote vinatembea njia moja, siku moja, nitasema kikwembe ni kizima, kiko tu na miguu mingi. Kesho nitasimama kando ya barabara. Nione ndege wote wanapita pamoja. Akikosekana mumoja tu, namurudisha mutoto wenu.”

“Wote?” yaya akauliza.

“Wote. Na wa mwenye kikwembe akiwa mbele.”

Yaya akatazama ile blauzi mkononi mwake. Halafu akaingia ndani kuivaa tena.

Asubuhi ya defile sijawahi kuona wanawake wenye nidhamu kama ile. Nyumba hadi nyumba tulipita kuhakikisha ndege wote wameamka. Mmoja alikuwa na homa, tukamvika na kumshikilia makwapani. Muuza samaki alikuwa ameteguka mguu kwa kicheko cha jana, na hilo si mzaha, alianguka kwenye ngazi, kwa hiyo akapita juu ya pikipiki iliyozimwa, ikisukumwa na wifi zake wawili. Mama prezidante alijitokeza na sketi yake ya vipande kiunoni, ndege wake pale pale nyuma. Pazia lilikuwa limetoweka. Mahali pake palikuwa na kikwembe chekundu kizito kilichonukia sabuni, kimeshonwa kwa mkono, vibaya mno, na mtu asiye fundi. Sikusema kitu juu ya mshono. Kwangu mimi hiyo ni miujiza.

Mzee wa Lusangi alisimama kando ya barabara na fimbo yake, dada yake ubavuni. Mkwe hakuwapo. Baadaye tuliambiwa alikuwa nyuma ya jukwaa, amelala kifudifudi, akisubiri wakwe zake waishe.

Yaya akaongoza. Sasa, mtu ambaye hajawahi kupita kwenye defile hajui kwamba kuna namna ya kupita. Wenzake wanapunga vitambaa, wanatikisa viuno, wanawachekea wakuu. Yaya alitembea kama anavyotembea akitoka shambani Wamaza: shingo imenyooka, macho mbele, na mkono mmoja juu, umeshika kikapu ambacho hakikuwepo kichwani. Walio nyuma yake wakamwona, wakadhani ndiyo mtindo wa mwaka, nao wakainua mkono mmoja. Kundi zima likapita mbele ya wakuu limeshika vikapu visivyoonekana. Watu walipiga makofi mpaka mtangazaji akashindwa kusikika. Mfanyabiashara wetu naye alipiga makofi, na jioni ile alikuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama vipande vya robota lake vingeweza kuingia katika nguo za mwaka ujao. Nilimjibu kwamba alete kwanza pazia.

Mzee aliwahesabu ndege kwa fimbo, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho aliyekuja juu ya pikipiki. Akamwitikia dada yake kwa kichwa. Akaketi chini, akavua kofia, akajipepea. Ndoa ilikuwa nzima.

Mimi nilidhani mambo yameisha. Nilikuwa natafuta kivuli nilipomwona yaya, badala ya kuja kwangu, anazunguka nyuma ya soko anakimbia, anaingia katikati ya wauguzi. Akapita nao mbele ya jukwaa, rangi zote mwilini katikati ya nyeupe tupu, mkono juu. Akatoka upande wa pili, akazunguka tena, akaingia kwa walimu. Mtangazaji akasoma “mama walimu wa Kasongo” kwa wasiwasi. Aliporudi mara ya tatu, sasa ameingia kwa mama wa kanisa, Mama prezidante alinijia.

“Mama fundi, umukamate yaya yako. Wakuu wako naanza kumujua.”

Nikamkimbilia. Nilimkuta nyuma ya soko, amejipanga mkiani mwa mama wa mashamba, anahema, jasho linamchuruzika, ndege kifuani anapanda na kushuka.

“Yaya, inatosha. Umepita.”

“Nilipita ya mwaka huu,” akasema. “Na wanesi nikapita ya mwaka jana. Na walimu, ya mwaka ule mutoto aliugua. Na wamama wa kanisa, ya mwaka paa ilianguka. Weye unafikiri ni mwaka mumoja tu nilikosa?”

Nikasimama karibu naye mkiani, nikainua mkono kama yeye, na machozi yakaanza kunitoka waziwazi kabla hata hatujaanza kutembea.

“Na hii?” nikamuuliza. “Hii ni ya mwaka gani?”

“Hii ni ya mwaka bwana yangu alikufa,” yaya akasema. “Tupite pole.”

Tukapita polepole, na mtangazaji, ambaye hakujua atutangaze kama nani, akanyamaza.